TANESCO Imefika, Sola Isitupwe: Jinsi ya Kuchaji Betri ya Nyumbani kwa Usalama

Katika Injili ya Mathayo kuna mfano wa wanawali kumi waliotoka kwenda kumlaki bwana arusi. Ukiusoma vizuri utaona kwamba wote kumi walikuwa na taa. Kilichowatenga wenye busara na wapumbavu ni akiba ya mafuta. Mama wa Kasulu au Kibondo wa leo naye anayo taa, na pengine anazo za aina mbili: ya TANESCO na ya sola. Akiba yake ni chaji iliyomo ndani ya betri. Akiba hiyo, tofauti na mafuta ya wale wanawali, inaweza pia kuunguza, kulipuka na kuua ikiwa haikutunzwa kwa akili.

Kwa miaka mingi sisi wa nyanda za juu za Kigoma hatukuwa katika gridi ya taifa. Mijini kulikuwa na mitambo ya dizeli, na vijijini tulitumia kibatari, chemli na karabai. Ndipo sola ikaingia. Akina mama waliuza maharage, mawese na ndizi, wakacheza vikoba, wakanunua paneli moja na betri moja. Mwaka 2022 umeme wa gridi ulifika Kakonko, Kibondo na Kasulu kupitia Nyakanazi mkoani Kagera, na mwezi wa Oktoba mwaka huo majenereta ya dizeli yakazimwa. Tulishukuru Mungu.

Tangu hapo swali moja limekuwa likiulizwa sana kisimani, sokoni na hata baada ya ibada: "Sasa ile sola yangu niifanye nini? Niiuze? Naweza kuichaji betri yake kwa umeme wa TANESCO?" Jibu fupi ni kwamba usiiuze, na kuchaji inawezekana. Lakini kuna njia ya kufanya hivyo na kuna njia ya kujitafutia msiba. Tuzitazame zote mbili.

KWA NINI SOLA BADO INAHITAJIKA

Umeme wa gridi hukatika. Wote tunakumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuwashwa mmoja baada ya mwingine, na bwawa hilo limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Ni jambo kubwa kwa taifa. Hata hivyo bwawa haliwezi kuzuia mti usiangukie waya, wala radi isipige transfoma. Mvua zetu kuanzia Novemba hadi Aprili huja na ngurumo, na laini inayotuletea umeme ni ndefu. Umeme ukikatika saa mbili usiku huku mtoto ana homa na unatafuta dawa gizani, ndipo utajua thamani ya betri yenye chaji.

Lipo na jambo la afya. Nyumba inayorudi kwenye kibatari kila umeme unapokatika inawarudisha watoto kwenye moshi. Sisi wauguzi tunaona macho mekundu, kikohozi kisichokwisha na watoto waliounguzwa na mafuta ya taa yaliyomwagika. Wapo pia wanaokunywa mafuta hayo wakidhani ni maji, kwa sababu yamewekwa katika chupa ya soda. Taa ndogo ya betri inaondoa hatari hizo zote.

INVETA NI KITU GANI?

Paneli na betri hutoa umeme wa kwenda upande mmoja, kama wa tochi. TV, pasi na friji hutumia umeme wa aina nyingine, ule wa volti 230 unaotoka ukutani. Inveta ni chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani.

Inveta si za aina moja. Mama anayekwenda dukani ni vizuri azijue aina tatu.

Ya kwanza ni inveta ya kawaida. Hugeuza tu umeme wa betri na haichaji chochote. Ukiwa na hii, kuchaji betri kwa TANESCO kunahitaji chaja ya pembeni.

Ya pili ni inveta yenye chaja ndani yake. Huunganishwa na umeme wa TANESCO upande mmoja na betri upande wa pili. Umeme wa TANESCO ukiwepo, inaupitisha moja kwa moja kwenda kwenye taa na soketi zako, na wakati huohuo inaichaji betri. Umeme ukikatika, swichi iliyo ndani yake inajigeuza yenyewe na nyumba inaendelea kuwaka kwa betri. Nyingine za aina hii zina nafasi ya kuunganishia paneli pia, hivyo jua, gridi na betri vyote hukutana katika kisanduku kimoja.

Ya tatu ni inveta ya kufuata gridi. Hii hupeleka umeme wa jua katika nyaya za nyumba pamoja na umeme wa TANESCO. Nyingi za aina hii hazina betri, na umeme wa TANESCO ukikatika nazo huzima hata kama jua linawaka. Si ubovu. Zimetengenezwa hivyo ili zisimuue fundi aliye juu ya nguzo. Mama anayetaka taa wakati wa giza asiuziwe hii akidhani itamsaidia.

Kwa nyumba nyingi za kwetu aina ya pili ndiyo inayofaa.

JUA KWANZA, TANESCO IWE MSAIDIZI

Hapa wengi hukosea, hata baadhi ya mafundi. Mtu ananunua inveta yenye chaja, anaiunganisha, na kuanzia siku hiyo betri inachajiwa na TANESCO usiku na mchana. Paneli bado iko juu ya bati na waya wake bado umefungwa, kwa hiyo anadhani jua nalo linafanya kazi.

Kumbe sivyo. Kontrola ya sola hupima volti za betri. Ikiona betri imejaa, inafunga bomba kidogokidogo ili isiizidishie. Betri ikiwa imeshajazwa na TANESCO usiku, asubuhi kontrola inaikuta imejaa na inafunga. Jua la bure linapotea juani, nawe unalipia uniti za LUKU. Ni kama kujaza pipa kwa maji ya kununua, halafu mvua inyeshe pipa likiwa limejaa.

Inveta nyingi zenye nafasi ya paneli zina kioo kidogo na vitufe. Humo unaweza kuchagua betri ichajiwe kwa jua peke yake, au jua kwanza na TANESCO baadaye, au vyote kwa pamoja. Mwambie fundi aweke jua kwanza. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, jua peke yake linaweza kutosha, ila pangusa paneli kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hukaa juu yake. Masika, mawingu yakitanda siku mbili tatu, TANESCO isaidie.

Kama una inveta ya kawaida na chaja ya pembeni, kanuni ni ileile. Asubuhi iache betri kwa jua. Jioni ipime. Ikiwa haikujaa na anga ni zito, ndipo uwashe chaja.

Je, chaja ya TANESCO na kontrola ya sola zinaweza kuunganishwa kwenye betri moja kwa wakati mmoja? Ndiyo, mradi zote mbili zimewekwa kwa aina ya betri uliyonayo, na jumla ya ampea zake isizidi uwezo wa betri.

UWEZO WA BETRI NI UPI?

Tuchukue betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ile ambayo mafundi huiita "ampea mia". Ikijaa inabeba wati-saa 1,200. Kama ni betri ya risasi, ile nzito iliyozoeleka, usitumie zaidi ya nusu yake, yaani wati-saa 600. Ukiikamua mpaka mwisho mara kwa mara itakufa mapema. Ukiiacha tupu kwa wiki kadhaa, chumvi ngumu hujijenga ndani yake na haitarudia nguvu zake tena.

Wati-saa 600 si haba. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula 100. Redio ya wati 10 kwa saa tatu inakula 30. TV ya wati 40 kwa saa tatu inakula 120. Jumla ni 250, na simu bado zinachajiwa.

Lakini jihadhari na mlaji asiyeonekana, yaani inveta yenyewe. Inveta iliyowashwa bila kazi yoyote inaweza kula wati 15. Iache ikiwa imewashwa saa 24 na itakuwa imekula wati-saa 360, kuliko taa, redio na TV tulizozihesabu! Usiku mkilala, kama hakuna friji wala kifaa kinachohitaji umeme, zima inveta.

Kwa kuchaji, betri ya risasi yenye ampea-saa 100 inapendelea takriban ampea 10, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Baadhi ya inveta hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa ampea 30 au zaidi kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya betri kadhaa. Ukiifunga kwa betri moja bila kubadilisha, betri itachemka, maji yake yatakauka, na chumba kitanuka kama yai viza. Harufu hiyo ukiisikia, zima chaja, fungua madirisha, toa watoto nje, kisha mwite fundi.

Nunua mita ndogo ya kupimia volti. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma karibu 12.7 imejaa. Ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu, na hapo acha kutumia. Wakati inachajiwa itapanda hadi karibu 14.4, kisha chaja nzuri huishusha hadi kama 13.6 na kuishikilia hapo. Betri zilizofungwa zenye uji mzito ndani, yaani za jeli, zinahitaji volti pungufu kidogo kuliko za maji. Betri za lithiamu zina mipangilio yake tofauti kabisa, na hazichajiwi kwa chaja ya betri za maji. Ndiyo maana aina ya betri lazima ichaguliwe sawasawa katika inveta.

INAKULA KIASI GANI CHA LUKU?

Kila umeme unapogeuzwa, sehemu yake hupotea kama joto. Ukitumia wati-saa 600 kutoka katika betri ya risasi, kuzirudisha kwa TANESCO kutakula karibu wati-saa 850, yaani pungufu kidogo ya uniti moja. Ukifanya hivyo kila siku, kwa mwezi ni uniti 25 hivi.

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Uniti zinazozidi 75 huuzwa shilingi 350 kila moja. Sasa fikiria familia inayotumia uniti 60. Ikiongeza 25 za kuchajia betri inafika 85. Zile 10 za juu peke yake ni shilingi 3,500 badala ya 1,000. Na anayezidi kila mara anaweza kujikuta amehamishiwa kundi la bei ya juu, na hapo kila uniti anayonunua inapanda bei, hata ya kuwashia taa moja. Itazame risiti yako ya LUKU uone uko kundi gani na unanunua uniti ngapi kwa mwezi.

Kwa hiyo kuchaji betri kwa TANESCO kila siku halafu kuitumia wakati umeme wa TANESCO upo ni hasara tupu. Umeme huohuo unaulipia na kuupoteza njiani. Chaji ya gridi iwe kwa ajili ya akiba ya siku ya giza.

MAKOSA YANAYOUA

Mpendwa msomaji, sehemu hii isomeni pamoja na baba wa nyumba na vijana wakubwa.

1. Waya wenye plagi pande zote mbili. Wako watu wanaotengeneza waya wa namna hii, wakachomeka upande mmoja katika inveta na mwingine katika soketi ya ukutani, ili inveta iwashe nyumba nzima. Meno ya plagi iliyo nje yana umeme, na mtoto akiyashika atakufa. Aidha, umeme huo unaweza kutoka nje kupitia mita na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akijua laini imezimwa. Huyo naye ni baba wa watoto. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, inveta yenyewe itaungua na inaweza kuwasha moto. Kuunganisha inveta na nyaya za nyumba kunahitaji swichi maalumu ya kubadilishia, inayohakikisha kwamba nyumba inapata umeme kutoka upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

2. Betri kujichaji yenyewe. Chaja ya pembeni imechomekwa katika soketi inayopata umeme wa inveta. TANESCO ikikatika, inveta inachukua umeme wa betri na kuupeleka kwenye soketi, chaja inauchukua na kuurudisha katika betri. Inaonekana kama muujiza, lakini kila mzunguko unapoteza sehemu kubwa, na ndani ya saa chache betri imekwisha na vyombo vimepata moto. Chaja ikae katika soketi ya TANESCO peke yake, isiyopita kwenye inveta.

3. Inveta kufungwa kwenye kontrola. Kontrola ndogo ina mahali pa kufungia taa. Inveta ikifungwa hapo itaiunguza. Inveta hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na mfupi.

4. Kukosa fyuzi. Inveta ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea zaidi ya 80. Waya mwembamba utakuwa mwekundu kama makaa. Fyuzi inayolingana na waya iwekwe karibu kabisa na betri.

5. Betri chumbani. Wengi huiweka chini ya kitanda kwa hofu ya wezi. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, isiyonuka na isiyoonekana, inayoweza kulipuka kwa cheche moja ya kibatari, kiberiti au sigara. Iwekwe mahali penye hewa inayopita, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu juu na chini, lifungwe kwa kufuli, mbali na jiko na kitanda cha mtoto.

6. Kuchanganya betri nzee na mpya. Nzee huivuta mpya mpaka zote zinakufa. Na betri ya gari haikuumbwa kwa kazi hii. Inatoa nguvu nyingi kwa dakika chache za kuwasha injini na haivumilii kukamuliwa usiku kucha.

HUDUMA YA KWANZA

Betri ya maji ina asidi kali. Unapoongeza maji, tumia yale maji safi ya betri yanayouzwa kwenye chupa, usitumie ya kisima wala ya bomba, na wala usiongeze asidi. Vaa glavu na miwani, na watoto wawe mbali. Chupa iliyobaki ifungiwe juu, isichanganywe na za vinywaji.

Asidi ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na mwagia maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala majivu.

Ikiingia jichoni, mlaze mgonjwa kichwa kikiwa kimeinama upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie jicho zima. Lifungue kwa vidole na mwagilia maji taratibu kwa dakika 20. Asilisugue. Msitie maziwa ya mama. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto akiinywa, usimtapishe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Msukutue mdomo kwa maji, kisha mkimbize hospitali.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, mlaze chali na umkandamize kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Msimfukie udongo na msimmwagie maji. Kufanya hivyo ni kupoteza dakika za kumwokoa.

BETRI ILIYOKUFA

Betri ya risasi ikifa hatari yake haiishi. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na mama mjamzito. Inadhoofisha ubongo wa mtoto, akili yake inapungua, na hakuna dawa inayorudisha kilichopotea.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa machungu. Karibu na makazi yao palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Hakunyamaza. Alikusanya majirani, akapigania mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, hazimrudishii mtoto afya yake.

Kwa hiyo usiruhusu mtu apasue betri uani ili kuyeyusha risasi ya kutengenezea nyavu au vitu vingine. Usimwage asidi shambani wala karibu na kisima. Usifanye kasha la betri kuwa chombo cha maji au cha kulishia kuku. Irudishe nzima dukani unaponunua mpya, au iuze nzima kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayejulikana.

RADI

Nyanda zetu zina radi nyingi. Mfumo wa inveta lazima uwe na waya wa ardhini uliozikwa vizuri. Wingu zito likija, zima inveta na uchomoe plagi kabla ngurumo haijafika. Usishike nyaya wakati radi inapiga.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Mama, usione haya kuuliza. Fedha ni zenu na watoto ni wenu. Muulize fundi maswali haya, na baba watoto akiwepo:

— Inveta hii ina chaja ndani, au inageuza umeme tu?
— Umeiweka ichaji kwa jua kwanza?
— Umeweka ampea ngapi za kuchajia, na aina gani ya betri?
— Fyuzi iko wapi? Waya wa ardhini uko wapi?
— TANESCO ikikatika, ni kitu gani kinachozuia umeme wetu usirudi kwenye nguzo?
— Leseni yako ya ufundi umeme iko wapi?

Fundi anayekasirikia maswali haya si wako. Fundi mwema atafurahi, atakuonyesha kila kitu, na atakufundisha kuzima mfumo wote kwa mkono wako mwenyewe. Hilo ni la lazima, kwa kuwa mara nyingi anayebaki nyumbani mchana ni wewe.

Nyumbani kwenu mzungumze kwa upole. Mara nyingine baba anataka TV kubwa na mama anataka taa ya jikoni, na betri ni moja. Kaeni mezani, andikeni kila kifaa na wati zake, zidisheni kwa saa, kisha mkubaliane. Hesabu iliyoandikwa huondoa magomvi mengi.

Vikundi vya wanawake makanisani navyo vinaweza kusaidiana. Mita moja ya kupimia volti inatosha kikundi kizima ikizungushwa nyumba kwa nyumba. Mwalikeni fundi mwenye leseni siku ya kikao awafundishe kwa saa moja, na yule mjane au bibi asiye na kijana wa kumsaidia atembelewe, betri yake ipimwe, maji yake yaongezwe.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, na aijalie kila mama busara ya kutunza akiba yake, ili saa ya giza ikifika taa yake iwe inawaka.